Kutoka Morogoro hadi Bonde la Eyasi: simulizi ya safari ya kufuatilia hisi za wanyama

Jumapili, Dar es Salaam hadi Morogoro

Safari hii niliipanga kwa ajili ya swali moja: katika dunia hii tunayoishi pamoja, ni kitu gani hasa kinachomfikia mnyama anapoitazama, anapoinusa au anapoisikia? Kwa miaka mingi nimesikia wanyama wakipangwa kwa madaraja, huyu ana akili nyingi, yule ana akili kidogo, kana kwamba wote wamekalishwa kwenye mtihani mmoja wenye majibu yaliyoandaliwa na binadamu. Ninaamini kwamba mpango huo unatupotosha. Akili ya kiumbe haiwezi kupimwa kabla hujajua ni habari zipi zinazomfikia kupitia milango yake ya fahamu, na ni zipi kati ya hizo zinazomhusu.

Mwanabiolojia Jakob von Uexküll, aliyezaliwa Estonia mwaka 1864, alilieleza jambo hili kwa kumtumia mdudu ambaye kila mfugaji wa kwetu anamchukia. Kupe jike hujining'iniza kwenye ncha ya jani akingoja harufu ya asidi inayotoka kwenye ngozi ya wanyama wenye damu moto. Harufu hiyo ikimfikia hujiachia; akihisi joto hujua kwamba ameangukia mahali penyewe; kisha hupapasa mpaka apate ngozi isiyo na manyoya mengi. Rangi za maua, nyimbo za ndege na umbo la ng'ombe mwenyewe havimo katika maisha ya kupe, na hahitaji viwemo. Von Uexküll alitaka tuanzie hapo, kwa kuuliza ni vitu gani vilivyomo katika ulimwengu wa kiumbe husika, na mimi nimeamua kuanzia hapohapo.

Njia niliyoichagua inakwenda kwa reli hadi Dodoma, kisha kwa barabara kupitia Kondoa na Babati hadi Tarangire, Mto wa Mbu, Karatu na Bonde la Eyasi. Treni ya umeme ilitufikisha Morogoro jioni, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na mawingu, nikaenda kulala mapema kwa sababu wenyeji wangu wa kesho huanza kazi asubuhi na mapema.

Jumatatu, Morogoro

Wenyeji hao ni panya. APOPO, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000, na kazi yake ni kuwafundisha panya buku kutambua kwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo ya uwanjani hufanyika mapema kwa sababu panya buku ni mnyama wa usiku ambaye jua humchosha. Kabla ya kumtoa nje, mkufunzi humpaka krimu ya kuzuia jua masikioni na mkiani, sehemu ambazo hazikingwi na manyoya.

Dada aliyenipokea alinionya tangu mwanzo. "Kaka, macho yake usiyahesabu," aliniambia, akiwa amempakata mnyama mwenye ukubwa wa paka mdogo. "Huyu anaishi puani." Nilielewa maana yake nilipomwona panya akiwa kazini. Kamba ilikuwa imetandazwa kutoka kwa mkufunzi mmoja hadi mwingine, na panya, akiwa amevishwa mkanda mwilini, alitembea kando ya kamba hiyo akiwa ameinamisha pua, akafika mwisho, akageuka, wakufunzi wakasogea hatua moja, akaanza tena. Hakuinua kichwa kututazama wala hakushtushwa na sauti zetu. Alipofika mahali fulani alisimama, akanusa tena, akaanza kukwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Mkufunzi alibonyeza kidude kinachotoa mlio mfupi, na panya akakimbia kuchukua kipande chake cha ndizi.

Mlio huo ndio msingi wa mafunzo yote. Panya mchanga hufundishwa kwanza kwamba mlio maana yake ni chakula. Baadaye hufundishwa kwamba mlio hauji mpaka ameitambua harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya mabomu, kwanza ndani ya vichujio vidogo vya chai, halafu chini ya udongo, halafu katika uwanja wenye mabomu halisi yaliyoondolewa viwashio. Mafunzo hayo huchukua takriban miezi tisa hadi mwaka. Panya aliyehitimu huweza kupekua eneo linalolingana na uwanja wa tenisi kwa dakika 30, ilhali mtu mwenye mashine ya kutambua chuma huweza kuchukua hadi siku nne. Mashine hupiga kelele kwa kila msumari, kila kizibo cha chupa na kila kipande cha waya kilichotupwa hapo na watu au vita. Panya hajali chuma hata kidogo. Kwake uwanja uliojaa takataka za chuma ni uwanja mtupu, isipokuwa pale palipo na harufu aliyofundishwa, na kwa kuwa ana uzito wa kilo moja au zaidi kidogo tu, hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua.

Panya waliotoka hapa wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015, na wamefanya kazi Angola na Kambodia. Anayejulikana zaidi ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020, na akafa Januari 2022 akiwa amekwishatambua zaidi ya mabomu na mabaki ya silaha 100.

Hata hivyo kilichonishika zaidi ni maabara ya kifua kikuu. Makohozi ya wagonjwa huletwa kutoka vituo vya afya, huchemshwa ili kuua vimelea, kisha hupangwa chini ya kizimba chenye matundu. Panya hutembea juu yake akinusa tundu baada ya tundu, na anapokuta harufu ya ugonjwa hubakisha pua yake hapo kwa sekunde tatu hivi. Sampuli 100 humchukua dakika 20. Mtaalamu wa maabara anayetumia hadubini huhitaji siku kadhaa. Sampuli ambazo hadubini iliziona salama lakini panya akaonyesha kuwa zina ugonjwa huchunguzwa tena, na kwa njia hiyo hupatikana wagonjwa ambao wangerudi nyumbani kuwaambukiza watoto wao.

Nilimuuliza dada yule kama panya akituzwa kwa kila sampuli anayoichagua. Alinieleza kwamba hutuzwa kwa zile tu ambazo kituo cha afya kilikwishathibitisha kuwa zina ugonjwa, kwa sababu mkufunzi hawezi kutoa tuzo kwa jibu ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Katika chumba kile wataalamu wa binadamu walikuwa wakingoja kuambiwa na panya jambo ambalo hisi zao haziwezi kulipata, na utaratibu wote wa kazi ulijengwa juu ya kukubali hilo.

Watu husema kwamba panya hawa wanajua kuwa wanaokoa maisha. Sikubaliani nao, na sioni kwamba kutokubaliana huko kunampunguzia panya heshima yoyote. Kwake TNT ni harufu inayoleta ndizi. Bomu, vita na mguu uliokatika havimo katika ulimwengu wake. Tukimbebesha huruma ya kibinadamu tunaacha kumtazama yeye, tunajitazama wenyewe. Uwezo wake halisi unatosha kabisa kustaajabiwa: kuichambua hewa iliyochanganyika harufu nyingi na kuitoa moja tu, mara mia, bila kuchoka na bila kubahatisha.

Jumanne, Morogoro hadi Dodoma

Nilifika Dodoma kwa treni kabla ya adhuhuri, na jioni nikapelekwa katika kijiji kimoja nje ya mji, kwa mzee anayefuga nyuki katika mizinga ya magogo iliyoning'inizwa mitini. Baada ya shikamoo na marahaba alinitazama kwa makini, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula ndizi mbivu mchana huo. Nilipojibu kwamba sikula, aliridhika. Nyuki mlinzi anapochoma mtu huachia kemikali ya kuwaita wenzake, na sehemu kubwa ya kemikali hiyo ni ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mtu anayenukia ndizi karibu na mzinga ni mtu anayetangaza vita bila kujua. Mzee hakuwa na haja ya jina la kemikali hiyo. Alikuwa amejifunza kanuni hiyo kwa baba yake, na kemia imekuja kumpa haki.

Tuliurina mzinga mmoja baada ya giza kuingia, yeye akiwa na bomba la moshi, mimi nikishika tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Moshi huvuruga ujumbe wa harufu ya hatari, na nyuki wengi hukimbilia kujaza asali tumboni badala ya kushambulia. Kitambaa chekundu kina sababu yake pia: macho ya nyuki hupokea mwanga wa kijani, wa buluu na wa urujuanimno, lakini nyekundu hawaioni. Tulikuwa tumesimama katika mwanga uliotutosha sisi kuyaona masega, na kwa nyuki tulikuwa gizani. Kinyume chake, mchana, ua ambalo sisi tunaliona lina rangi moja ya manjano huweza kuwa na alama za urujuanimno zinazoelekeza kwenye nekta, na alama hizo macho ya kawaida ya binadamu hayazioni bila chombo.

Mwaustria Karl von Frisch, ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alionyesha jinsi nyuki aliyepata chakula anavyowaelekeza wenzake kwa kucheza juu ya sega. Pembe ya mwendo wake ukilinganishwa na wima ndiyo pembe ya chakula ukilinganisha na jua, na urefu wa mtikisiko wake wa tumbo ndio umbali. Tunapochora mchezo huo ubaoni tunausahau ukweli mmoja ambao mzee aliukumbusha kwa kufunika mzinga: mle ndani ni giza. Hakuna nyuki anayeutazama mchezo. Wenzake humgusa kwa vipapasio vyao na kuhisi mtikisiko wake, wakautafsiri mguso kuwa mwelekeo, na mwelekeo kuwa safari ya mwanga wa mchana. Ramani yao huanza kwenye ngozi.

Jumatano, Dodoma hadi Babati

Siku ya barabara. Tulisimama Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miongoni mwa picha za rangi nyekundu kuna tembo, twiga na swala waliochorwa na watu waliowatazama wanyama kwa makini kuliko wengi wetu leo. Nilikaa hapo saa moja, kisha tukaendelea hadi Babati.

Alhamisi, Tarangire

Kaka dereva alizima injini karibu na mto, mita kama 60 kutoka kwa familia ya tembo, akaniomba nisitazame kitu kingine isipokuwa mikonga. Kwa robo saa sikuona mkonga hata mmoja uliotulia. Mmoja uligusa ardhi mahali gari jingine lilipokuwa limepita, mwingine ulipinda juu kuelekea upepo unakotoka, mwingine ukagusa mdomo wa ndama na kurudi kinywani kwa mwenyewe. Tulipofika, upepo ulikuwa ukitoka kwetu kwenda kwao, na tembo jike mkubwa aliinua ncha ya mkonga wake upande wetu kabla hajageuza kichwa. Alikwishajua habari zetu. Macho yalikuja baadaye kuthibitisha.

Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba tembo wa Afrika ana jeni takriban 2,000 za vipokezi vya harufu, idadi kubwa kuliko mamalia mwingine yeyote aliyechunguzwa wakati huo, mara mbili ya mbwa na karibu mara tano ya binadamu. Idadi ya jeni peke yake haitoi picha ya maisha, lakini majaribio ya Amboseli, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, yanaitoa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwawekea tembo nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimaasai, nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kikamba, na nguo safi ambazo hazijavaliwa. Waliponusa nguo za Wamaasai, ambao vijana wao wamewahi kuwachoma mikuki, tembo walikimbia mbali zaidi na wakachelewa zaidi kutulia. Mwaka 2014 jaribio jingine lilitumia sauti zilizorekodiwa. Sauti za wanaume wa Kimaasai ziliwafanya tembo wajikusanye na kurudi nyuma kuliko sauti za wanaume wa Kikamba zinazotamka maneno yenye maana ileile, na kuliko sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai. Kwa hiyo tunaposema "binadamu" kana kwamba sisi ni kitu kimoja, tembo hayumo pamoja nasi katika kosa hilo. Ameshatugawa kwa lugha, kwa jinsia, kwa umri na kwa harufu, kulingana na hatari tunayomletea.

Kuna jambo ambalo sikulisikia siku nzima, nami ninaliandika kwa sababu lilikuwa likitendeka mbele yangu. Mngurumo wa tembo hushuka hadi mitetemo 14 hivi kwa sekunde, chini ya kikomo cha sikio la binadamu, ambacho ni kama mitetemo 20. Katy Payne wa Marekani aliligundua hilo katika miaka ya 1980 baada ya kuhisi mtetemo hewani alipokuwa karibu na tembo wa bustani ya wanyama. Sauti hizo husafiri kilomita kadhaa, na sehemu yake hupita ardhini, ambako nyayo laini za tembo huweza kuihisi. Mara mbili niliona familia nzima ikisimama kwa wakati mmoja, masikio yametandazwa, hakuna anayekula, halafu wote wakaendelea kama kwamba wamekubaliana. Dereva alisema: "Wameambiwa kitu." Sina namna ya kuthibitisha usemi wake kwa siku hiyo, lakini unaendana na yote yanayojulikana.

Tarangire yenyewe ina kisa ambacho ningependa kila mtu anayejadili akili ya tembo akifahamu. Katika ukame mkali wa mwaka 1993, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa na mtafiti Charles Foley na wenzake walikufa katika muda wa miezi tisa. Makundi mawili kati ya matatu yaliondoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine. Kundi la tatu lilibaki, na ndilo lililopata sehemu kubwa ya vifo. Makundi yaliyoondoka yalikuwa na majike wakongwe, walioishi wakati wa ukame wa mwaka 1958 hadi 1961. Kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wakongwe wake kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Jangili alichukua meno, lakini pamoja na meno aliondoa kumbukumbu ya mahali maji yanapopatikana, na deni hilo likalipwa na ndama ambao hawakuwa wamezaliwa risasi ilipofyatuliwa. Tukizungumza juu ya uhifadhi kwa kuhesabu vichwa peke yake, hasara ya namna hii haionekani kwenye hesabu yoyote.

Jioni, nje ya hifadhi, nilionyeshwa shamba lililozungushiwa kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa katika mchanganyiko wa pilipili na oili chafu. Nchini Kenya, hasa karibu na Tsavo, wakulima huzungushia mizinga ya nyuki, baada ya utafiti wa Lucy King kuonyesha kwamba tembo wakisikia mvumo wa nyuki hukimbia na huwaonya wenzao kwa mngurumo maalumu. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki huingia machoni, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Njia zote mbili zimefanikiwa kwa sababu aliyezibuni aliuliza tembo anahisi nini, wakati miaka mingi ya kupiga madebe na kuwasha mioto ilijibu swali la binadamu anaogopa nini.

Ijumaa, Tarangire hadi Mto wa Mbu

Asubuhi ilikuwa ya mbung'o. Kila aliyetembelea Tarangire anawajua, na kila dereva humwonya mgeni asivae buluu wala nyeusi. Vitambaa vya rangi hizo mbili vilivyotundikwa kando ya njia, vikiwa na dawa, ni mitego iliyojengwa juu ya jicho la mbung'o, ambaye huvutwa na buluu kutoka mbali na hupenda kutua kwenye weusi. Katika sehemu nyingine za Afrika huongezwa harufu zilizomo katika pumzi ya ng'ombe.

Pundamilia waliokuwa karibu nasi walinipa swali la upande wa pili. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 na Tim Caro na wenzake, ambayo farasi walivishwa matandiko yenye milia, yalionyesha kwamba inzi wauma-farasi huwasogelea wanyama wenye milia kama wanavyowasogelea wengine, lakini wanapofika karibu hushindwa kupunguza mwendo na kutua vizuri. Ikiwa ndivyo, basi milia ambayo sisi tumeisifia kwa uzuri wake, na ambayo wengine waliieleza kuwa ni ya kumchanganya simba, imeandikwa kwa ajili ya jicho la mdudu. Ninauona ufafanuzi huu kuwa na nguvu kuliko ule wa simba.

Usiku nililala Mto wa Mbu, mahali panapostahili jina lake, nikiwa ndani ya chandarua. Mbu jike wa malaria humtafuta mtu gizani kwa kufuata hewa ukaa anayoitoa kwa pumzi, harufu za ngozi yake, hasa za miguu, na joto akishakaribia. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakiongozwa na Fredros Okumu, walichapisha mwaka 2010 matokeo ya mchanganyiko wa harufu za kutengenezwa ambao ulivuta mbu mara tatu hadi tano zaidi ya mtu aliyelala katika kibanda kingine. Matokeo hayo yalikuwa na sehemu ya pili isiyosemwa sana: mtu na mchanganyiko vilipowekwa katika kibanda kimoja, mbu walimchagua mtu. Kwa mbali harufu hushawishi, na kwa karibu kuna mambo mengine ya mwili ambayo bado tunajifunza kuyaiga.

Jumamosi, Karatu hadi Mang'ola

Barabara ya vumbi, mashamba ya vitunguu, kisha mibuyu na migunga. Nilitumia mchana kupanga ruhusa na malipo ya kijiji na kumpata kijana wa Kihadzabe anayezungumza Kiswahili, ambaye alikubali kunipeleka kwa wazee wake alfajiri.

Jumapili, Bonde la Eyasi

Nimeiacha nafasi kubwa kwa siku hii kwa sababu hapa binadamu na mnyama wa porini, asiyefugwa wala kufunzwa na mtu, huingia kila mmoja katika ulimwengu wa mwenzake kwa hiari.

Ndege anayeongoza watu kwenye asali ni mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, na Wahadzabe humwita tik'iliko. Anajua nyuki walipo, na anataka nta. Ni miongoni mwa wanyama wachache wenye uti wa mgongo wanaoweza kuimeng'enya. Asichoweza ni kuupasua mbuyu na kuwatuliza nyuki. Binadamu ana shoka na moto lakini hajui mzinga uko wapi. Mwaka 1588, huko Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, mmisionari Mreno João dos Santos aliandika juu ya ndege walioingia kanisani kula nta ya mishumaa, na juu ya ndege hao kuwaongoza watu kwenye asali. Ni wazi kwamba ushirikiano huu ni wa zamani kuliko maandishi yake.

Mzee aliyetuongoza alipiga mluzi tangu tulipoiacha kambi, mluzi mrefu unaopanda na kushuka, huku akitembea bila kuangalia juu. Baada ya muda ndege alijibu kwa sauti ya mfululizo, kama njiti zikitikiswa ndani ya kiberiti, akiwa kwenye mgunga ulio kushoto kwetu. Aliruka mti wa pili, akangoja, akalia tena. Tulipochelewa kwenye miiba alirudi. Mzee naye hakuacha mluzi, na kijana alinieleza sababu yake: ukinyamaza, ndege hudhani umemwacha. Ndege wa kwanza tulimpoteza kwenye korongo. Wa pili alitufikisha kwenye mbuyu, akanyamaza, akakaa juu ya tawi kando. Ukimya huo ulikuwa ndio maelekezo ya mwisho, na ilibidi sasa macho yetu yatafute tundu, ambalo kijana aliliona kwa kuwatazama nyuki wakipita kwenye mwanga wa jua. Alipanda kwa vigingi vya mti alivyovipigilia kwenye shina, akiwa na kijinga cha moto, na kushusha masega yenye asali na majana.

Utafiti wa Brian Wood na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba ndege huyu huongeza kasi ya Wahadzabe ya kupata mizinga kwa zaidi ya mara tano, na kwamba asali wanayoipata kwa msaada wake ni asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao cha mwaka. Kusini zaidi, katika Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba sauti ya asili ya Wayao ya kumwita ndege iliongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 watafiti hao wawili waliunganisha maeneo yote mawili. Ndege wa huku Tanzania waliitikia mluzi wa Kihadzabe mara tatu zaidi ya walivyoitikia sauti ya Kiyao, na ndege wa Niassa waliitikia sauti ya Kiyao karibu mara mbili zaidi ya mluzi wa Kihadzabe. Ndege ni wa spishi moja. Wamejifunza lugha ya watu wa mahali pao.

Wamejifunza kwa nani? Si kwa wazazi. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda huanguliwa akiwa kipofu, na ndoano kali kwenye mdomo, anayoitumia kuwaua watoto wa mwenye kiota. Hamjui mama yake. Ndege aliyelelewa na spishi nyingine anatoka kiotani bila mwalimu, na baada ya muda anajua mluzi upi ni wa mtu mwenye shoka. Kuwa tayari kuongoza huenda amezaliwa nako. Maana ya mluzi ameipata kwa kuishi hapa. Kwangu hiki ndicho kipimo cha akili kilicho bora kuliko mitihani ya vizimba, kwa sababu kinampima ndege kwa jambo linalomhusu.

Nilitarajia kuona nta ikiachwa kama malipo. Mzee alikusanya masega yaliyobaki na kuyatupa motoni. Kijana alisema kwamba ndege akishiba atalala, na akibaki na njaa atatupeleka kwenye mzinga mwingine. Wazee wengine, alisema, humwachia. Ndege hakuondoka, alishuka na kuokota chembe zilizoruka pembeni mwa moto. Nilimuuliza mzee kama ndege huyu huwaongoza nyegere pia, akajibu kwamba amewahi kuwaona pamoja. Watafiti waliowahoji warina-asali katika nchi mbalimbali za Afrika walikuta kwamba wengi hawaliamini jambo hilo, lakini Wahadzabe wengi walisema wameliona. Sioni sababu ya kulipuuza neno la watu ambao macho yao yako porini kila siku.

Tulirudi kambini mchana, na mazungumzo yakahamia kwenye ardhi. Sehemu ambazo watu wameacha kurina asali ya porini, ndege huyu huacha kuwafuata watu, kwa kuwa mluzi usiojibiwa na shoka haumfundishi kinda lolote. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, jirani na Eyasi, walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000. Mzee aliieleza hati hiyo kwa kutaja mibuyu, mmoja mmoja, na kutaja ni mwanawe yupi atakayemfuata katika kuikwea. Kisha akaanza kulalamika kuhusu mifugo inayoingia kutoka nje wakati wa kiangazi na kula maua ambayo nyuki wanayategemea, na kijana akaniomba niyaandike malalamiko hayo kama yalivyosemwa, kwa kuwa wageni wengi huandika juu ya ndege na kuyaacha maua.